Makofi ya Saa ya Chai

Je, umewahi kupigiwa makofi na watu wanaokunyang'anya kitu chako, nao hawajui kwamba wanakunyang'anya, na wewe ukainamisha kichwa ukawaambia asanteni?

Kama hujawahi, kaa usikie yaliyompata Mama Udongo. Kama yamekupata, kaa vilevile. Utamwelewa upesi kuliko wengine.

Mama Udongo ni jina walilompa wanafunzi. Alikuwa anafundisha sayansi ya udongo katika chuo kikuu, kwenye chumba cha mwisho kabisa cha jengo la chini, kile ambacho dirisha lake halifungiki mpaka ulisukume kwa bega. Kwenye kingo ya dirisha hilo alipanga chupa za kioo, kila moja na udongo wake: mwekundu, mweusi wa mfinyanzi, wa kichanga, tifutifu, na ule wa kijivu wa bondeni ambao ukiufungua unanuka kama kitambaa kilichosahauliwa majini. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza aliwafundisha kuulowesha kidogo, kuuviringisha baina ya viganja uwe mwembamba kama mkia wa panya, halafu kuupinda taratibu waone unakatikia wapi. Pembeni mwa kucha zake palikuwa na mstari mwekundu ambao sabuni ilishauzoea, ikauacha.

Na alikuwa mwalimu wa muda. Hilo neno "muda" lilikuwa limedumu. Alipoanza kazi hiyo alikuwa na mimba ya mwanawe wa kwanza, na sasa mwana huyo alikuwa anamwibia baba yake viatu kwa sababu vinamtosha. Muhula ukiisha, mkataba nao umeisha. Muhula ukianza, mkuu wa idara anasaini mwingine, au anasahau kusaini, na Mama Udongo anaingia darasani hivyo hivyo, anafundisha huku akingoja akumbukwe. Likizo hana. Akiugua, shauri yake. Milangoni mwa wenzake majina yamechongwa kwenye vibao. Lake limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwa gundi, na kila msimu wa mvua karatasi inajikunja, anaandika nyingine.

Sasa yule mzee aliyeshika nafasi ya kudumu ya udongo akastaafu, na tangazo la kazi likabandikwa ubaoni. Mama Udongo alilisoma akiwa amesimama, mkoba begani. Akalisoma tena. Halafu akaenda msalani, akafunga mlango, akacheka peke yake mkono ukiwa mdomoni. Wiki hiyo hiyo alikusanya vyeti vyake, barua yake na makala alizowahi kuchapisha, akavitia vyote kwenye bahasha ya kaki, na bahasha akaitia mkobani. Kilichobaki kilikuwa kupanda ngazi na kuipeleka ofisi ya utumishi.

Hakuipeleka. Unajua alikuwa anangoja nini? Alikuwa anangoja aambiwe. Alitaka mkuu wa idara amsimamishe pale kwenye korido, mbele ya watu kidogo, amwambie, "Mama, nafasi ndiyo hii, omba." Aliona ingekuwa imetulia zaidi, ingekuwa na heshima yake. Basi kila asubuhi akawa anapita polepole mbele ya mlango wa mkuu huyo, na bahasha ikiwa mkobani inaanza kuchakaa pembe.

Mkuu mwenyewe watu walimwita Tuelewane, kwa sababu hakuna alichosema bila kutanguliza neno hilo. Alikuwa mtu wa mashati yaliyonyooka na sauti nzuri ya kupoza watu. Hakuwa mbaya, na hapo ndipo penye uchungu. Mtu mbaya unamjua, unamchukia, unamaliza. Huyu alikuwa anakuulizia watoto, na alikuwa anasikiliza mpaka umjibu.

Siku ya mkosi ilikuwa siku ya chai ya idara. Chumba chenyewe ni kidogo, kina birika kubwa la bati lenye mfuniko usio wake, vikombe visivyofanana, na viti vya aina mbalimbali vilivyokimbizwa humo kutoka ofisi nyingine. Mama Udongo alikuwa amesimama karibu na birika, kikombe mkononi, ndipo Tuelewane akagonga meza kwa kijiko.

"Jamani, tuelewane. Kamati ya ajira ya ile nafasi ya udongo lazima iundwe wiki hii. Na safari hii sitaki maneno. Mara iliyopita tulisemwa vibaya."

"Tulisemwa ukweli," akadakia mwalimu wa kemia, mtu mrefu mwenye maskhara, ambaye hata msibani anaweza kukuchekesha. "Wanaume watupu, wa idara moja, tulisoma darasa moja. Ilikuwa kamati au timu ya mpira?"

Watu wakacheka. Tuelewane naye akacheka, kisha akainua mkono. "Ndiyo maana sasa kuna kanuni. Wanawake wasipungue wawili. Mmoja atoke nje ya idara. Na lazima awepo mtu anayeijua hiyo kazi yenyewe. Kamati ikae kabla maombi hayajafungwa, tukubaliane tunatafuta mtu wa namna gani, ndipo tufungue majina. Siyo kuona jina kwanza halafu unamshonea sifa. Mwenyekiti tumempata, yule mama wa kitivo cha sheria."

"Bi Kanuni!" akaguna mtu. "Tumekwisha."

"Amebaki mwanamke mmoja. Nimeumiza kichwa wiki nzima. Nikaenda jengo la juu, nikauliza hadi maktaba. Kumbe mtu mwenyewe tunaye humu humu!" Akamgeukia, mikono wazi, kama mtu aliyepekua nyumba nzima akitafuta miwani, kumbe anayo puani. "Mama Udongo! Mwanamke yumo, na anayeijua kazi yumo. Ndege wawili kwa jiwe moja!"

Makofi yakalia. Walipiga kwa moyo mweupe kabisa. Mwalimu wa kemia akainama mpaka goti likagusa sakafu. "Mama, umepanda cheo! Kuanzia leo tunakuamkia mara mbili."

Chai ilikuwa inamuunguza vidole kupitia kikombe, naye hakukiweka chini. Neno lilipanda. Lilifika ulimini. Watu wote walikuwa wanamtazama wakitabasamu. Akafungua kinywa.

"Nashukuru, Mkuu," akasema.

Alipotoka tu, katibu wa idara alimdaka kwenye korido. Huyo alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika ghorofa ya pili, na walikuwa wandani tangu enzi za taipureta. Siku hiyo hakucheka. Alimvutia kwenye chumba cha kutolea nakala, akasukuma mlango kwa kisigino.

"Mwenzangu, kwenye chai ile walikutilia nini?"

"Kwa nini?"

"Mjumbe wa kamati haombi kazi. Jina lako likisomwa tu kwenye kikao cha kwanza, mlango umefungwa. Hujui?"

"Najua."

"Unajua! Na ukasema nashukuru!"

"Ningefanyaje, watu wote wanapiga makofi? Hata wewe nilikuona unapiga."

"Mimi nilipiga nikijua umeamua mwenyewe. Nilidhani umechoka na mambo ya chuo hiki. Wewe hukuwahi kuniambia unaitaka."

"Si unajua?"

"Ninachojua unalalamika. Kila siku tunakaa hapa unalalamika, nami napenda kukusikiliza, unalalamika vizuri. Lakini hujawahi kusema, mwenzangu, nafasi ile naitaka. Hata siku moja." Akamshika bega. "Wamekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa umewashikia wewe."

Mama Udongo alifika nyumbani akiwa amevimba. Hakumsalimia mtu. Akachukua sufuria lililokuwa limeungua tangu jana, akakaa kwenye kigoda uani, akaanza kulisugua kwa mchanga na majivu. Alisugua ndani, akasugua nje, akasugua na mkono wake ambao hata haukuwa na masizi. Habari zilishatangulia kufika, maana shemeji yake, mdogo wa mume, alikuwa amekutana na mwalimu wa kemia kwa kinyozi.

"Shemeji, hongera!" akasema, akiegemea ukuta na kucha mdomoni. "Nasikia umepewa kazi ya kumchagulia mwenzio kazi yako. Ni kama kuombwa umchagulie mumeo mke."

Sufuria likasimama.

"Wewe funga hilo domo," mama mkwe akamwambia mwanawe. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele kwenye ungo, miguu imenyooshwa. "Domo hilo hilo ndilo linalokukosesha wa kukuoa."

"Mama, mwanaume haolewi."

"Kwa ulivyo wewe, tungekubali hata hivyo. Ondoka hapo." Akamgeukia mkwewe, vidole vikiendelea na mchele. "Mwanangu, huyo mkuu wako ulimwambia kazi unaitaka?"

"Mama, anajua. Kila mtu anajua. Nani mwingine anayezifanya hizo kazi?"

"Sikukuuliza wanaojua. Nimekuuliza uliyemwambia."

Mama Udongo akatazama ndani ya sufuria.

"Hata mimi hukuniambia," mumewe akasema taratibu. Alikuwa fundi wa friji, na wakati huo alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la jirani lililofunguliwa matumbo, bisibisi mkononi. "Nilitafuta ufunguo mkobani kwako, nikaiona bahasha. Nikasema nisimharakishe, akiwa tayari atasema."

Hapo ndipo hasira zilipomwagika. Alilitupa lile sufuria, likagonga ndoo.

"Kwa hiyo kosa ni langu? Miaka yote hii nawafundishia watoto wao, nawashikia madarasa wakisafiri, nasahihisha mitihani yao jua linazama, halafu niende nikapige magoti niseme jamani naomba mnione? Yeye hana macho? Ameenda mpaka maktaba kutafuta mwanamke! Amezunguka jengo zima kutafuta mwanamke, na mimi nimekaa chini yake hapo, nachokonoa udongo kwenye kucha! Na aliponiona, ameniona kwa ajili ya kujaza kiti! Kama mtu aliyekosa kiti cha nne akachukua kigoda!"

Jirani akapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri.

"Kosa ni lake," mama mkwe akasema mwishowe. "Mpe lote, abebe, linamtosha. Lakini hata ukilimaliza kumpa, kazi bado hujaiomba."

Mume akafuta mikono kwa kitambaa. "Ukijitoa kwenye kamati atachukia. Na mkataba wako wa muhula ujao unasainiwa na yeye. Friji zenyewe siku hizi watu wananunua mpya, hawatengenezi. Mimi sikwambii usiende. Nakwambia tu tujue tunapokwenda."

Alijua. Hilo ndilo lililokuwa limemkaba. Akisema, anaweza kukosa kazi mpya, na ya zamani ikampotea nayo. Lakini kulikuwa na jingine la chini zaidi, la tangu utotoni. Alilelewa kwa shangazi yake, kwenye nyumba yenye watoto wengi na sufuria moja. Wenzake walikuwa wakililia ukoko. Yeye alikaa kimya, akangoja apewe. Wageni walikuwa wakisema, "Huyu mtoto hana tamaa kabisa," na shangazi anatabasamu. Sifa hiyo aliivaa kama sare ya shule. Alikua, ikambana kwapani, ikampasukia mgongoni, naye hakuivua.

Kesho yake akaamua kwenda kwa Tuelewane kumwambia uso kwa uso. Alijikaza kisabuni. Kwenye ngazi alikuwa akiyapanga maneno, akayapanga tena. Akamkuta anaongea na simu. Mkuu akamwonyesha kiti kwa kidole na kumpa tabasamu la kumkaribisha. Ofisi ilikuwa na zulia, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo picha yake ilikuwa nzuri mno hata isitupwe.

"Mama! Umekuja wakati wake," akasema akikata simu. "Nilikuwa nakutafuta. Kikao ni siku ile maombi yanapofungwa, asubuhi. Kabla hatujakaa, nitajie kazi za nafasi hii, niziandike. Wewe ndiye unayezijua."

"Mkuu, mimi nilikuja..."

"Tumalize hili kwanza. Haya."

Akaona, sawa, zitakuwa ngazi za kupandia. Akizitaja zote, mwenyewe ataona.

"Anafundisha mwaka wa kwanza na wa pili."

"Naam."

"Anawapeleka wanafunzi shambani kuchimba shimo la kusomea tabaka za udongo. Wakichoka, analimalizia yeye."

Tuelewane akatabasamu, akiandika.

"Mizani ikikwama anaitengeneza yeye, kwa sababu fundi hajawekwa kwenye bajeti. Wakulima wanaokuja na vifuko vya udongo anawapimia. Wanafunzi wanaotaka kuacha chuo anakaa nao. Anasahihisha mitihani ya mwenzake mwenzake akisafiri."

"Mwenzake nani?"

"Wewe, Mkuu."

Tuelewane akacheka kwa furaha ya kweli. "Hiyo tusiiandike!" Akasoma alichoandika, akatikisa kichwa. "Kazi nyingi kweli. Huyu mtu wa kuzifanya zote hizi tutamtoa wapi?"

Mama Udongo akaegemea mbele. "Yupo anayezifanya," akasema.

"Ndiyo, ndiyo. Wewe umetushikia vizuri sana." *Umetushikia.* Kama mtu aliyemshikia mwenzake mtoto anunue vocha. "Ndiyo maana nikakutaka kwenye kamati. Na huyo atakayekuja, utamwelekeza. Hatapotea, atakuwa na wewe. Ila, mama, tuelewane: tunataka sura mpya. Mtu wa kuipa idara jina. Sasa, ulikuwa unasemaje?"

Alimtazama. Yule mtu alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza, mwema kabisa, kalamu mkononi. Ingekuwa rahisi kumpiga kofi kuliko kumjibu.

"Nitakwambia siku nyingine," akasema.

Akarudi chumbani kwake akitembea kwa nguvu hata wanafunzi wakampisha. Sura mpya. Hii yake wameizoea, imekuwa kama ukuta. Nani anautazama ukuta? Utamwelekeza. Atakuja mtu, atachongewa kibao mlangoni, na yeye mwenye karatasi ya gundi atamshika mkono amwonyeshe mizani inapigwa wapi ili iache kukwama! Alilisukuma dirisha kwa bega, kwa nguvu kuliko dirisha lilivyohitaji, na chupa ya udongo mwekundu ikaanguka ikapasuka. Hakuifagia. Alikaa kwenye kiti chake akaitazama, vioo na udongo vimechanganyika, na hakulia hata kidogo. Hasira zilimjaa hata machozi yakakosa njia. Na hasira ile haikumwendea Tuelewane peke yake. Ilizunguka chumba ikarudi ikamkuta yeye, aliyekaa kwenye kiti cha watu wenye zulia, akaulizwa waziwazi "ulikuwa unasemaje", akasema siku nyingine.

Siku nyingine ikafika, ndiyo siku ya kikao, na jioni yake ofisi ya utumishi inafunga maombi.

Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu iliyochunwa ngozi upande mmoja, chupa za maji, na feni inayolia kwii kila inapomaliza mzunguko. Bi Kanuni alikuwa amewahi kuliko wote. Alikuwa bibi mwembamba mwenye mvi zilizosukwa vizuri, mwalimu wa sheria aliyekataa kustaafu mpaka walipochoka kumwambia. Afisa utumishi, kijana wa tai nyembamba, alikaa pembeni yake kuandika kumbukumbu. Mwalimu wa kemia akaingia akinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Leo tunachinjwa," akakaa. Tuelewane akavuta kiti kilicho karibu naye, akakipangusa kwa kiganja, akamkaribisha Mama Udongo.

Mama Udongo akakaa. Mkoba akauweka mapajani, akaushika kwa mikono miwili.

"Kabla ya lolote," akaanza Bi Kanuni, "kila mmoja atangaze kama ana maslahi. Ndugu, rafiki, mdeni, mpenzi, yeyote anayeomba kazi hii. Mwenye maslahi anatoka kwenye kamati sasa hivi, tunatafuta mwingine. Siyo kesho."

"Mama, tuelewane," Tuelewane akasema kwa ile sauti ya kupoza. "Hapa tunajuana wote. Tuandike tu kwamba hakuna, tuokoe muda. Tuna kazi ya kupanga sifa na maswali."

"Kujuana kwenu ndiko kunakonifanya niulize. Nimeona kamati zikivunjwa mahakamani kwa kuokoa muda." Akamgeukia afisa utumishi. "Andika kila mtu na jibu lake. Majina yenu yataingia baada ya jibu, siyo kabla. Tuanze na wewe, bwana wa kemia."

Mwalimu wa kemia akakohoa. "Mimi sina. Ila... nimesikia kuna mmoja anaomba, ni mume wa binamu wa mke wangu."

"Mnatembeleana?"

"Tunakutana misibani tu, Bi. Na hapo akiniona anahamia upande wa pili, kuna nyundo yake niliikalia."

"Umerudisha?"

"Bado."

"Rudisha. Sina shida na wewe." Hakutabasamu. "Mkuu wa idara?"

"Sina," Tuelewane akasema. "Mimi natafuta mtu bora tu, basi."

"Mama Udongo?"

Feni ikalia kwii. Afisa utumishi alikuwa ameshaanza kuandika "hana". Alimwona kabisa, mkono wa kijana unatangulia jibu. Kijana hakumtazama hata usoni. Na mwalimu wa kemia alikuwa anafungua chupa ya maji, na Tuelewane ameshaigeuza ile karatasi ya kazi alizotaja yeye, anaweka alama pembeni. Walikuwa wameshampita. Alikuwa amekaa katikati yao, bega kwa bega, nao wameshampita wako mbele.

"Ninayo," akasema.

Kalamu ya kijana ikasimama.

"Nini?" Tuelewane akauliza.

"Maslahi. Ninayo."

Tuelewane akamgeukia, ana wasiwasi wa kweli, kama anayetaka kumsaidia mtu aliyejikwaa. "Ndugu yako anaomba? Hiyo tutazungumza, mama, inategemea ndugu wa namna gani."

"Siyo ndugu yangu."

"Mumeo?"

"Mumewe ni fundi friji," mwalimu wa kemia akasema. "Labda idara ya barafu."

Bi Kanuni akamkata jicho. Mwalimu wa kemia akatazama meza.

"Basi ni nani?" Tuelewane akasema, na sauti yake nzuri ikaanza kukwaruza. "Mwanafunzi wako wa zamani? Mama, sema tuelewane, maana ukitoka sasa hivi kamati imevunjika. Mwanamke mwingine nitamtoa wapi leo? Umenikubalia mwenyewe mbele ya watu, ukashukuru. Usitufanyie hivi dakika ya mwisho. Huyo mtu ni nani hasa, wa kuharibia idara nzima?"

Wakamtazama wote, wanangoja jina. Walikuwa wamemtaja ndugu, wakamtaja mume, wamefika hadi kwa mwanafunzi wa zamani. Wangeendelea mpaka jioni, wangemtaja jirani, wangemtaja hata shemeji yake, na macho yao yangepita juu ya kichwa chake kila mara wakienda kutafuta.

Alisimama. Kiti kikasukumika nyuma, kikagonga ukuta. Akafungua mkoba, akaitoa bahasha ya kaki yenye pembe zilizochakaa, akaiweka mezani mbele yake, kiganja juu yake, na ule mstari mwekundu pembeni mwa kucha ukaonekana kwa wote.

Bi Kanuni peke yake ndiye aliyetazama kwanza bahasha, kisha mkono, kisha uso. Akavua miwani.

"Msimkatize," akawaambia.

"Mlinipigia makofi," Mama Udongo akasema. Alianza chini, sauti ikawa inapanda yenyewe. "Nikashukuru. Shukrani hiyo naichukua leo, narudi nayo nyumbani. Mkuu, uliniuliza mtu wa kuzifanya kazi hizo mtamtoa wapi, nikiwa nimekaa mbele yako. Ukaniambia nitamwelekeza. Simwelekezi mtu. Shimo nililolichimba mimi sitamwonyesha mtu namna ya kusimama juu yake. Mkataba wangu uko kwenye meza yako. Ukitaka usiusaini, usiusaini, nitajua umeniona. Umezunguka mpaka maktaba kutafuta mwanamke, na sasa unatafuta ni nani anayeomba. Acha kutafuta, baba. Ofisi ya utumishi haijafungwa, na miguu ninayo. Kazi hii naitaka mimi."